Mizani ya Nyama, Kilo za Moshi

Januari 2023, siku ya kwanza ya muhula, tulitundika mizani ya nyama kwenye boriti ya jiko la shule. Tulikuwa tumeiazima kwa muuza mbuzi wa barabara ya chini, na ndoano yake bado ilikuwa na harufu ya mafuta. Mpishi wetu, ambaye shule nzima humwita Shosho, aliiangalia akacheka. "Sasa Mwalimu, leo tunauza nini?"

Nikamwambia tunapima kuni.

"Kuni? Zipimwe za nini na zitaungua tu?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa na fomu. Mwezi mmoja kabla, mgeni wa shirika fulani alikuja na kompyuta yake akatuambia kwamba shule zinazopika kwa kuni zinaweza kupata jiko jipya la chuma, lenye bomba la kutoa moshi nje, bila kulipa hata shilingi. Sharti lilikuwa moja tu: tupime nyayo zetu za kaboni. Yaani tujue shule yetu inatoa hewa ya ukaa kiasi gani kwa mwaka, ili jiko likija ijulikane imepunguza kiasi gani. Mwalimu mkuu aliitikia haraka kabla mgeni hajabadilisha nia. Kazi akanipa mimi, kwa kuwa nafundisha sayansi, nami nikaipeleka kwa watoto wa gredi ya sita.

Nilipoandika "nyayo za kaboni" ubaoni, kijana mmoja akauliza, "Kama Nyayo ya uwanja wa mpira?" Wenzake wakacheka, lakini mimi nilirudi utotoni. Sisi tuliosoma enzi za Moi tulilijua neno hilo kabla ya kujua kusoma. Tulifuata nyayo kwa wimbo, na kuanzia 1979 tukanywa maziwa ya Nyayo kwenye pakiti za pembe tatu. Nyayo zilikuwa kitu cha kufuatwa. Sasa nilikuwa nawafundisha watoto kwamba nyayo ni kitu cha kupunguzwa.

*

Kama huijui Kiamaiko, ifuate pua yako. Ni wadi ya eneo bunge la Mathare, imebanana na Huruma upande mmoja na Mto Mathare upande mwingine. Nairobi nzima inaijua kwa mbuzi. Malori hushuka usiku kutoka Moyale, Marsabit na Isiolo, na kabla jua halijatoka nyama imeshatundikwa. Walioijenga biashara hiyo ni watu wa kaskazini, Waborana, Waburji, Wagabra na Wasomali. Waliingia mjini kidogo kidogo, wengi wakisukumwa na ukame uliowamaliza mifugo. Majirani zao ni Wakikuyu, Wakamba, Waluo na Waluhya. Darasani kwangu wote wamo. Shule yenyewe ni ya mabati, ghorofa moja, watoto 240 na walimu 12. Si ya serikali, na karo hulipwa kidogo kidogo, mzazi akipata.

Fomu ya mgeni haikuwa imeandikwa ikitufikiria sisi. Iliuliza shule ina mabasi mangapi. Iliuliza walimu wamesafiri kwa ndege mara ngapi, na madarasa yanapashwa joto kwa mafuta gani wakati wa baridi. Watoto waliandika sifuri, sifuri, sifuri, mpaka msichana mmoja wa dawati la mbele akasema, "Mwalimu, si hii mtihani tumepita?"

Ilibidi niwaeleze hiyo rula ilitoka wapi. Mwaka 1992 profesa wa Kanada, William Rees, aliandika kuhusu nyayo ambazo mji unaacha juu ya ardhi: ekari za shamba, msitu na malisho zinazohitajika kuulisha. Yeye na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel walitoa kitabu kuhusu jambo hilo 1996. Halafu miaka ya 2000 kampuni ya mafuta ya BP ikalichukua wazo hilo, ikaweka kikokotoo mtandaoni ili kila mtu ajipimie kaboni yake mwenyewe. Ukikifikiria vizuri ni kama mwenye baa kukugawia daftari la kuhesabu chupa ulizokunywa. Upande wa makampuni, mwaka 2001 ulitolewa mwongozo wa kimataifa unaogawa hesabu katika vikapu vitatu: moto unaouwasha mwenyewe, umeme unaounua, na yale yote yanayofanywa na wengine kwa ajili yako.

Kikapu cha umeme tulikimaliza dakika tano. Shule hununua tokeni, na kwa mwezi hatufikishi yuniti 60. Halafu umeme wa Kenya, kwa sehemu kubwa, hautokani na makaa ya mawe wala mafuta. Unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao umezalisha umeme tangu 1981, mabwawa ya Mto Tana, na siku hizi upepo wa Turkana. Kwa mwaka mzima taa zetu hazifikishi kilo 100 za hewa ya ukaa. Watoto huja kwa miguu, nao walimu hupanda matatu au kutembea.

Kilichobaki kilikuwa sufuria. Nyayo za shule yetu, karibu zote, zinatoka kwa Shosho.

*

Githeri ya watoto 240 haipikwi kwa dakika. Maharagwe hulowekwa jioni, na saa kumi na moja alfajiri moto unawashwa chini ya mafiga matatu. Kila asubuhi watoto wawili walifika mapema, wakatundika mafungu ya kuni kwenye ndoano na kuandika daftarini. Siku ya kawaida ilikuwa kama kilo 45. Kando yake kulikuwa na jiko dogo la makaa, la uji wa watoto wa nasari na chai ya walimu. Hilo lilikula kilo 4 kwa siku, na hakuna aliyelitilia maanani.

Kuni zetu ni za mkaratusi. Nilimuuliza anayetuletea huzitoa wapi, akasema Kiambu, kwenye mashamba ya watu. Nikawaeleza watoto kwamba mti huo una historia ndefu hapa kuliko Kiamaiko yenyewe. Reli ilifika Nairobi 1899, na injini zake zilichoma kuni. Serikali ya kikoloni ilianza kupanda mikaratusi kutoka Australia mwaka 1902, kwa sababu inakua upesi na ukiikata inachipua tena kwenye kisiki. Garimoshi likaja kuhamia mafuta, lakini mti ukabaki kwenye mashamba. Kwa hivyo kile kilicholisha injini za Waingereza ndicho kinachoiva githeri yetu.

Hapa ndipo hesabu inapopinda. Kilo moja ya kuni ikiungua hutoa takriban kilo 1.75 za hewa ya ukaa. Lakini mti ulipokuwa unakua ulikuwa unaivuta hewa hiyo hiyo. Mwenye shamba akiacha kisiki kichipue, mti mpya utaivuta tena, na deni linalipika. Asipoacha, deni linabaki angani. Kwa maneno mengine, jibu la swali letu halikuwa jikoni. Lilikuwa shambani kwa mtu tusiyemjua.

Na hatukuwa wa kwanza Kenya kukosea swali hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuni zilikuwa habari kubwa. Wangari Maathai alikuwa ameanza kupanda miti na akina mama, miti saba ya kwanza katika bustani ya Kamukunji tarehe 5 Juni 1977. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa nishati mpya hapa Nairobi. Muda mfupi baadaye, mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakaanza kugonga jiko lenye tumbo la udongo, lile ambalo leo kila nyumba ya Eastlands inalo, wazo lake likiwa limeazimwa Thailand. Wakati huo huo watafiti wa Taasisi ya Beijer ya Sweden walipiga hesabu ya nchi nzima: watu ni hawa, kila mtu anachoma kuni hizi, misitu ni hii. Wakatabiri pengo kubwa la kuni ifikapo mwaka 2000.

Mwaka 2000 ulifika, na pengo lile halikuja kama lilivyotabiriwa. Hesabu ilikuwa imehesabu vinywa ikasahau mikono. Wakulima walikuwa wanapanda miti kwenye mipaka ya mashamba yao, na miti hiyo haikuwa kwenye orodha ya msitu wowote. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Wale waliotumwa Kakamega kupanda miti ya kuni walikuta boma zimejaa miti na wanawake hawana kuni. Mti ulikuwa mali ya mwanamume, wa kuuzwa mbao au nguzo. Kwa desturi mwanamke hakuruhusiwa kupanda mti wala kuukata. Mradi ukaleta vichaka vya kukua haraka ambavyo havikuhesabiwa kuwa "miti", ili akina mama wapate cha kuchoma bila ugomvi nyumbani. Yaani nambari ya kuni ilikuwepo na ilikuwa sahihi kiasi, lakini haikumwona mwanamke aliyesimama chini ya mti usio wake.

*

Makaa ndiyo yaliyotushtua. Makaa hutengenezwa kwa kuzika magogo chini ya udongo na kuyaunguza polepole, na kwenye tanuri za kienyeji kilo 100 za mti hukupa kati ya kilo 10 na 20 za makaa. Niliwaambia watoto wachukue 15. Wakagawanya. Kilo 4 za kila siku zikawa karibu kilo 27 za mti.

Darasa likanyamaza, kisha likalipuka. "Ati chai ya walimu?" Kijiko kile kidogo cha pembeni, ambacho hata hatukutaka kukiandika, kilikuwa kinakula zaidi ya nusu ya miti iliyokuwa inapika chakula cha watoto wote. Nikajitetea kwamba uji wa nasari nao umo. Hawakunisikiza.

Na mti wa makaa si mkaratusi wa Kiambu. Ni migunga ya nchi kavu, Kitui, Kajiado, Narok, inayochukua miaka mingi kurudi. Mapema 2018 gavana wa Kitui, Charity Ngilu, alipiga marufuku makaa kutoka kaunti yake, na Februari mwaka huo serikali kuu ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Hapa kwetu bei ya makaa ilipanda usiku mmoja. Mama aliyekuwa akinunua kwa debe akawa ananunua kwa kasuku. Septemba mwaka huo mafuta ya taa nayo yakaongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, ikasemekana ni kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Maskini wa Mathare alifungiwa mlango huu na ule katika mwaka mmoja, bila mtu kumfungulia wa tatu. Kila mlango ulifungwa kwa sababu nzuri.

*

Mwisho wa Machi mgeni alirudi. Alifurahi kuona daftari, akaliangalia, akakunja uso. Fomu yake ilitaka siku 5 kwa wiki, wiki 13 za muhula, kilo 45 kwa siku. Jumla ilitakiwa kukaribia kilo 2,925. Daftari letu lilikuwa linaelekea kwingine.

Sababu zilikuwa wazi kwa mtu yeyote anayeishi hapa. Ramadhani ilianza mwishoni mwa Machi, na watoto wengi wetu hufunga. Shosho hutoa sufuria ndogo, na kuni hushuka hadi kilo 20. Halafu kulikuwa na maandamano ya upinzani, na siku hizo Mathare na Huruma hakuna mzazi anayemtoa mtoto nje. Mapumziko ya katikati ya muhula yalikuwepo, Pasaka ilikuwepo, Idi ilikuwepo. Muhula ulipoisha tulikuwa tumewasha moto siku 57, si 65, na tumechoma kilo 2,190. Robo ya kuni za fomu hazikuwahi kuwaka.

Mgeni alisema kwa upole kwamba Ramadhani ni "hali isiyo ya kawaida", kwa hivyo tuandike siku za kawaida. Nilielewa baadaye alichokuwa anauza. Jiko la bure halikuwa la bure. Kila tani ya hewa ambayo ingesemekana tumeiokoa ingegeuzwa kuwa hati, na hati hiyo ingeuzwa kwa kampuni ya ng'ambo inayotaka kusema imefidia moshi wake. Tukionekana tunachoma zaidi kabla ya jiko kuja, "tutaokoa" zaidi baadaye. Ile robo ya kuni hewa ilikuwa na bei.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Usidhani lilikuwa jambo rahisi la ukweli na uongo. Shosho amepika juu ya mafiga miaka mingi. Anakohoa asubuhi, macho yake ni mekundu kama ya mtu aliyelia, na fomu haikuwa na mstari wa kuandika hayo. Moshi unaoingia kifuani haukuwa na safu, ule unaopanda angani ulikuwa nazo kumi na mbili. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kilo 735 tu, na angepata bomba la kutoa moshi.

Lakini daftari halikuwa langu. Lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa watoto wa gredi ya sita, na kila siku ya kilo 20 ilikuwa na jina la aliyepima. Nilipeleka nambari zao.

Jibu lilikuja kwa ujumbe mfupi. Shule yetu ilikuwa ndogo mno kwa mradi.

Nilimweleza Shosho mwenyewe, maana sikutaka aisikie kwa wengine. Alikuwa anachagua maharagwe. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Kwa hivyo mimi nimekosa jiko kwa sababu watoto walifunga?"

Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani.

"Haya," akasema. "Basi wasifungue na maji matupu. Waambie wazazi walete tende."

Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya majiko inayouza hati za kaboni. Kwa wastani, miradi waliyoichunguza ilikuwa imejihesabia takriban mara 9 ya upunguzaji waliouona kuwa wa kweli. Niliisoma habari hiyo kwenye simu, foleni ya matatu ya Outering. Sikufurahi. Mtu hafurahii kuambiwa alikuwa sawa na mwenzake bado anakohoa.

*

Tulipopiga hesabu ya mwisho, kuni za muhula ule zilitoa takriban kilo 3,830 za hewa ya ukaa, kama kilo 16 kwa mtoto. Mkenya wa kawaida hutoa chini ya nusu tani kwa mwaka kutokana na mafuta na makaa ya mawe. Mmarekani, kama tani 14. Mtoto mmoja aliandika nambari hizo tatu ubaoni, akaziangalia, akasema, "Basi sisi hatujafanya kitu."

Nilimpeleka kwa mwenye mizani. Huyo hakuhitaji fomu. Alituambia kwamba kati ya 2021 na mwanzo wa 2023 mbuzi walikuwa wanashuka kwenye lori wakiwa mifupa, na mizani ile ile tuliyopimia kuni ilikuwa inamwonyesha hivyo kila alfajiri. Mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa Kenya. Wanasayansi wa World Weather Attribution walisema Aprili 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame wa namna hiyo uwezekane angalau mara 100 zaidi. Baadhi ya watoto wangu wako Kiamaiko kwa sababu ya ukame wa babu zao. Mwaka ule walipata binamu wapya darasani.

Shule ilifanya jambo moja na nambari zake. Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye gesi ya kupikia uliondolewa, tukachanga, wazazi na walimu, tukanunua mtungi wa kilo 13. Jiko la makaa likastaafu. Uji na chai sasa hupikwa kwa gesi, na mtungi hutufikisha karibu wiki nne. Kuna hesabu zinazoichukulia migunga ya Kitui kana kwamba itaota tena yote, na kwa hesabu hizo tumeongeza nyayo zetu, maana gesi ni mafuta ya ardhini na makaa ni mti. Watoto waliiona kasoro hiyo kabla yangu.

Githeri bado ni ya kuni. Bomba la moshi tunalichangia, shilingi kwa shilingi.

Aprili 2024 Mto Mathare ulipasua kingo zake usiku na kuchukua nyumba za mabati na waliokuwa ndani. Ufunguzi wa shule ukaahirishwa nchi nzima. Madarasa yetu yalijaa familia, magodoro juu ya madawati. Shosho aliwasha mafiga asubuhi, akawasha tena jioni. Kuni zilikuwa mbichi na moshi ulijaa hadi barabarani, akatia alichonacho: mbao za vitanda vilivyovunjika, milango iliyookotwa kwenye matope.

Msichana yule wa dawati la mbele alikuwa mmoja wa waliolala darasani. Alisimama mlangoni mwa jiko akaniuliza kama niende nikaazime mizani.

Nikamwambia hizo wacha. Akaingia ndani, akachukua mwiko, akamsaidia Shosho kukoroga.